Kuiuliza Wilaya ya Rusizi mtandaoni: nini uandike hadharani, nini upeleke mlangoni

Bomba la mtaani likikauka siku tatu, au daraja dogo la miti likichukuliwa na mvua, siku hizi wa kwanza kupata habari si lazima awe mkuu wa mudugudu. Mtu anapiga picha, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, mwingine anaipeleka X au Facebook na kuutaja ukurasa wa wilaya. Kuna siku jibu linakuja kabla ya jioni, na kuna siku halifiki kabisa. Tena kuna siku picha hiyohiyo inabeba mambo ambayo mwenyewe hakutaka dunia nzima iyaone: sura ya mtoto, namba ya kitambulisho, jina la ndugu aliyebaki Bukavu au Uvira.

Makala hii ni kwa wakimbizi, waomba hifadhi na wenyeji wa Rusizi wanaotaka kuwasiliana na serikali ya mitaa kupitia mitandao ya kijamii. Inaeleza nani anajibu nini, sheria inakupa haki gani, ujumbe unaojibika unaandikwaje, na mambo gani hayafai kuwekwa hadharani. Kanuni ya kushika ni moja: jambo la watu wote liulize hadharani, jambo la mtu mmoja lipeleke mlangoni.

Nani anajibu nini?

Rusizi, ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu, ilipata mipaka yake ya sasa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Ina sekta 18, kuanzia Bweyeye iliyo upande wa msitu wa Nyungwe hadi kisiwa cha Nkombo ndani ya Ziwa Kivu. Chini ya sekta kuna kagari, na chini ya kagari kuna mudugudu. Sekta na kagari husimamiwa na katibu mtendaji, ambaye watu humwita Gitifu. Juu yao wote kuna wilaya na meya wake.

Ngazi hizi zina maana kwa anayeandika mtandaoni. Swali likifika kwenye ukurasa wa wilaya, kwa kawaida afisa wa wilaya hulirudisha kwenye sekta, na sekta huuliza kagari. Kama kagari haijawahi kusikia habari hiyo, jibu linachelewa. Kama kagari inaijua tayari, jibu linaweza kutoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtandao hauondoi haja ya kumwona mkuu wa mudugudu, na aliyeanza kwake hupata jibu mapema zaidi.

Wilaya inahusika na barabara za mitaa, masoko, usafi, shule na vituo vya afya vya umma, na mipango ya ardhi. Tatizo la maji linaweza pia kupelekwa WASAC, na la umeme REG, ambayo hupokea simu bila malipo kwenye namba 2727.

Mambo ya ukimbizi yana njia nyingine. Kambi na vituo vya mpito, kama kile cha Nyarushishi hapa Rusizi, viko chini ya Wizara inayoshughulikia Majanga, MINEMA, ikishirikiana na UNHCR. Maombi ya hifadhi yanapitia idara ya uhamiaji. Habari za kuhamishiwa nchi ya tatu ziko kwa UNHCR. Ukiiuliza wilaya hadharani kwa nini kesi yako imekwama, afisa wa wilaya hawezi kukusaidia hata akitaka, kwa sababu faili lako haliko mezani kwake. Utakachokuwa umefanya ni kuwaambia watu usiowajua kwamba una kesi.

Je, mkimbizi ana haki ya kuuliza?

Ndiyo. Katiba ya Rwanda, katika ibara ya 38, inatambua uhuru wa kutoa maoni na haki ya kupata habari. Sheria namba 04/2013 ya tarehe 8 Februari 2013 inaeleza haki hiyo kwa undani. Inasema kila mtu anaweza kuomba habari zilizo mikononi mwa taasisi ya umma. Haikusema kila raia; imesema kila mtu. Maombi yanaweza kutolewa kwa mdomo, kwa barua, kwa simu, kwa intaneti au kwa njia nyingine, katika lugha yoyote rasmi ya nchi.

Kiswahili kiliongezwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, mama aliyetoka Kivu Kusini na asiyejua Kinyarwanda anaweza kuandika swali lake kwa Kiswahili bila aibu. Hata hivyo, shughuli nyingi za ofisi za mitaa na matangazo mengi ya wilaya bado ni kwa Kinyarwanda. Ujumbe wenye maneno machache ya Kinyarwanda hufika haraka zaidi kwa mtu anayehusika. Maneno haya yanatosha kuanzia: maji ni amazi, umeme ni amashanyarazi, barabara ni umuhanda, daraja ni ikiraro, soko ni isoko, shule ni ishuri. Kwa sentensi nzima, mwombe jirani mwenyeji akusaidie. Bomba likikauka limekauka kwenu nyote wawili, na ujumbe uliotiwa sahihi na wakimbizi na wenyeji pamoja una uzito kuliko wa upande mmoja.

Haki hii ina mipaka. Sheria hiyohiyo inaziruhusu taasisi kukataa kutoa habari zinazogusa usalama wa taifa au maisha ya faragha ya mtu mwingine. Ukinyimwa habari ambayo unaamini ni ya umma, Ofisi ya Ombudsman, inayojulikana kama Urwego rw'Umuvunyi, ndiyo inayosimamia utekelezaji wa sheria hii.

Majirani zetu wamefanyaje?

Mfano wa kwanza unatoka Kenya. Francis Kariuki alikuwa chifu wa Lanet Umoja, karibu na mji wa Nakuru, na alizoea kuwaandikia wakazi wake kwenye Twitter, mtandao ambao leo unaitwa X. Mwaka 2012 vyombo vya habari vya kimataifa viliandika jinsi alivyopigiwa simu saa kumi usiku kwamba wezi wameingia nyumbani kwa mwalimu. Aliandika ujumbe mfupi, majirani wakatoka na kuizunguka nyumba, na wezi wakakimbia. Chifu alitumia njia hiyo pia kutangaza kondoo waliopotea na mikutano ya kijiji. Kilichoifanya njia hiyo ifae ni kwamba mtu hakuhitaji simu janja. Wakazi wengi walizipata jumbe zake kama SMS kwenye simu za kawaida.

Mfano wa pili unatoka Kampala. Mwezi Aprili 2023 mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaita watu mtandaoni wapige picha za mashimo ya barabarani na kuzionyesha, kama vile watu wanavyoonyesha picha za sanaa kwenye maonyesho. Wananchi waliitikia kwa picha nyingi, kila moja na mahali pake. Baada ya siku chache Rais Yoweri Museveni aliagiza shilingi bilioni 6 za Uganda zitolewe kwa mamlaka ya jiji ili kuziba mashimo. Ni malalamiko ambayo watu walikuwa nayo siku nyingi, lakini sasa yalikuwa na picha na jina la barabara, na yalitoka kwa watu wengi kwa wakati mmoja.

Hapa Rusizi, somo lilikuja kwa ugumu zaidi. Mwezi Juni 2020, sehemu nyingine za nchi zilipokuwa zinafunguliwa, Rusizi ilifungwa kwa sababu ya korona. Matangazo ya serikali kuhusu nani anaweza kutoka na nani hawezi yalikuwa yakiwekwa mtandaoni mara yanapotolewa. Aliyekuwa na simu yenye intaneti aliweza kuyasoma saa hiyohiyo. Asiyekuwa nayo alingoja redio, au alimtegemea jirani. Tukumbuke hilo kila tunaposema kwamba "wilaya imeshatangaza".

Mifano ya Kenya na Uganda haihamii Rusizi jinsi ilivyo. Kampala ni jiji kubwa. Aliyepiga picha ya shimo anapotea katika umati. Mudugudu wa Rusizi ni mdogo. Ukiandika "sisi wa nyumba za nyuma ya shule", watu wote wanajua ni nani. Mkimbizi anatambulika upesi zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jiulize: kama kila jirani akijua ni mimi, nitakuwa salama? Kama jibu si ndiyo ya moyo wote, tumia njia ya mlangoni.

Ujumbe unaojibika unaandikwaje?

Afisa anayesoma ukurasa wa wilaya anahitaji mambo manne ili aweze kufanya kitu: ni nini, ni wapi, tangu lini, na umeshamwambia nani. La tano ni unachoomba.

Ujumbe kama huu ni vigumu kuufanyia kazi: "Viongozi mmelala, watu wanakufa kwa kiu!" Hauna mahali, hauna siku, na unamfanya msomaji ajitetee badala ya kutafuta fundi.

Linganisha na huu: "Habari za asubuhi. Bomba la umma lililo karibu na soko, mudugudu fulani, kagari fulani, sekta ya Nyakarenzo, halitoi maji tangu Jumatatu. Tulimweleza mkuu wa mudugudu Jumanne. Tunaomba kujua fundi atafika lini." Weka majina halisi ya mudugudu na kagari, na picha moja ya bomba bila watu.

Ujumbe wa pili una adabu, lakini adabu siyo inayoufanya ujibike. Afisa anaweza kuutuma kama ulivyo kwa sekta na kwa WASAC bila kuuliza swali la ziada.

Ukijibiwa "tumepokea, tunafuatilia", hifadhi picha ya skrini yenye tarehe. Ukiombwa namba ya simu, itume kwenye ujumbe wa faragha. Usiiandike kwenye maoni ambayo kila mtu anayasoma. Wiki ikipita bila kitu, usianze kutukana. Nenda na picha hiyo ya skrini kwenye inteko y'abaturage, mkutano wa wananchi, au uinuke kwenye mazungumzo yanayofuata umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kiongozi aliyeahidi jambo kwa maandishi hulijibu tofauti anapoulizwa mbele ya watu.

Nini usiandike hadharani?

Mambo yafuatayo yapeleke mlangoni, yaani ofisini, kwa simu au kwa mtu wa ulinzi wa shirika linalokuhudumia:

Kwanza, kesi yako ya hifadhi, ya kitambulisho au ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Usipige picha ya kadi, barua ya miadi, wala karatasi ya familia yenye namba. Kuziba jina kwa kidole hakutoshi kama namba inaonekana.

Pili, ukatili wa kijinsia, mtoto aliyeumizwa au aliyepotea na familia yake. Hata ukiandika kwa nia njema ya kumtetea, jina la mtoto likishaenea haliwezi kurudishwa. Kwa hatari ya sasa hivi piga polisi 112. Kwa kosa la jinai piga RIB, ofisi ya upelelezi, 166.

Tatu, habari za watu waliobaki ng'ambo. Rusizi inapakana na Kongo na Burundi pia, na ukurasa unaosomwa Kamembe unasomwa vilevile Bukavu na Bujumbura. Ukitaja kijiji, siku uliyovuka na jina la ndugu aliyekusaidia, huenda unamwambia mtu unayemkimbia mahali pa kukutafuta wewe, au mahali pa kumtafuta aliyebaki.

Nne, picha za askari, za vituo vya mpaka, au za watu wakipokea msaada bila ruhusa yao. Mtu aliyepanga foleni ya chakula ana heshima yake. Mwombe ruhusa kwanza; kwa mtoto, muulize mzazi au mlezi wake.

Kabla ya kutuma picha, zima kipengele cha mahali kwenye simu. Kisha angalia nyuma ya picha: kuna namba ya hema, jina la shule au sura ya mtu? Kata sehemu hiyo au piga picha nyingine.

Sheria inasema nini kuhusu uvumi?

Rwanda ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, namba 60/2018. Ibara yake ya 39 inasema kwamba mtu anayechapisha uvumi kwa makusudi kupitia kompyuta au mfumo wake, uvumi unaoweza kuleta hofu, uasi au vurugu, au kumvunjia mtu heshima, ametenda kosa. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 hadi 5 na faini ya faranga milioni 1 hadi 3. Simu unayotumia kuandikia inahesabika, na kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili si sebule ya nyumbani.

Hii haina maana kwamba usiulize. Maana yake ni kwamba uandike ulichokiona wewe, na usichokijua ukiulize kama swali. "Bomba halitoi maji tangu Jumatatu" ni jambo lililoonekana. "Gitifu amekula pesa za bomba" ni shtaka, na shtaka linahitaji ushahidi na ofisi ya kulipokea. Kama una ushahidi wa rushwa, mahali pake ni Ofisi ya Ombudsman au RIB. Na ujumbe uliotumiwa wenye maneno "tuma kwa watu wote haraka" usiutume kabla ya kuuona kwenye ukurasa wa taasisi inayotajwa.

Utaijuaje akaunti ya kweli?

Watu wenye hila wanajua kwamba mkimbizi anayengoja majibu yuko tayari kuamini. Wanafungua kurasa zenye nembo ya wilaya au ya UNHCR, kisha wanaandika kwenye maoni: "Tutumie namba yako tukusaidie." Baadaye wanaomba pesa ya fomu.

Angalia ukurasa ulianza lini, umeandika nini miezi iliyopita, na kama kurasa za wizara au za mkoa zinautaja. Ukiwa na shaka, uliza ofisini jina kamili la akaunti. Na hili likae kichwani: huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Hakuna malipo ya kuandikishwa, ya kupata hifadhi, wala ya kuwekwa kwenye orodha ya nchi ya tatu. Mtu anayeomba faranga hata elfu mbili kwa ajili ya hayo ni mwizi, hata akijiita afisa. Mripoti.

Na asiye na simu janja?

Wengi wetu tunatumia simu ya vitufe, na kuna familia ambazo simu moja inatumiwa na watu sita. Wazee wengi hawasomi. Wanawake wengi wana muda mchache wa kushika simu kuliko wanaume. Swali likiulizwa mtandaoni na jibu likabaki kwenye simu ya kijana mmoja, mtaa haujajibiwa.

Kuna njia rahisi. Chagueni watu wawili katika mudugudu, mwanamke na mwanaume, mmoja mwenyeji na mmoja mkimbizi ikiwezekana. Kila wiki wakusanye maswali ya wasio na intaneti, wayaandike kwa niaba ya mtaa bila kutaja majina, kisha wasome majibu kwa sauti kwenye mkutano, kanisani, msikitini au kwenye foleni ya maji. Hivyo jina linalotokea mtandaoni si la mtu mmoja aliyejitosa peke yake, na habari inawafikia wale walioihitaji zaidi. Redio nayo bado ina nguvu: swali lililokosa jibu kwenye ukurasa wa wilaya linaweza kupelekwa Radio Rusizi, ambayo inasikika na mvuvi akiwa ziwani.

Kabla ya kubonyeza "tuma", jiulize maswali matatu. Je, jambo hili ni la watu wote au ni la mtu mmoja? Je, nimeshamwambia aliye karibu nami, mkuu wa mudugudu au Gitifu wa kagari? Je, kuna jina, sura au namba humu inayoweza kumdhuru mtu? Ukimaliza hayo, andika nini, wapi, tangu lini, umemwambia nani na unaomba nini. Kama jambo ni lako peke yako, funga simu na uje ofisini, au mwombe mtu wa ulinzi akufuate mahali utakapojisikia salama kusema.